Gwaride la Wagonjwa la Okidi Kumi na Moja

Vijana wangu, jani la okidi huuawa na wema mara nyingi zaidi kuliko linavyouawa na wadudu. Ninyi mnaoziweka okidi dirishani siku hizi, mkazinywesha asubuhi na jioni kama ndama, nawasikia mkilalamika: jani limekuwa manjano, jani limekunjamana, jani limetoka doa. Kisha mnakimbilia dukani kununua dawa. Kaeni kwanza. Nimetibu majani hayo miaka sita pale Arua, kwa amri ya jeshi, na mmea mmoja nilioutendea wema kupita kiasi ulikaribia kumpoteza rafiki yangu, Koplo Anguzu wa Aroi. Nitawaambia ilivyokuwa, na katikati nitawaambia mnachopaswa kufanya, maana nikingoja kuvitenga vitu hivyo viwili nitakufa sijamaliza.

Mimi nilikuwa dresa. Dresa ni mtu wa kuosha vidonda, kufunga bendeji na kuchoma sindano daktari akiwa hayupo. Nilikuwa katika zahanati ya kambi, mtoto wa Kinubi kama wengi wetu pale, babu yangu alikuja na bunduki akabaki na shamba. Kuhusu maua nilijua kwamba mbuzi huyala.

Mwaka sabini na mbili Mhindi mmoja mfanyabiashara aliondoka na masanduku mawili, kama walivyofukuzwa nchini wenzake wote, na nyumba yake ikapewa Kamanda wetu. Kando ya baraza kulikuwa na chumba chenye dirisha kubwa la kioo, na ndani yake okidi kumi na moja. Majani yake mapana, manene, yalilala pande mbili kama ndimi za ng'ombe, na mizizi ilining'inia nje ya vyungu ikipapasa hewa, kana kwamba nayo inatafuta aliyekuwa akiitunza. Kamanda aliishi nazo mwezi mmoja bila kuziona. Kisha asubuhi moja akaona jani la manjano, akatuma gari zahanati.

"Dokta iko wapi?" akauliza tulipofika barazani.

Daktari wetu, mtu mwenye busara, alinisukuma mbele. "Huyu ni mtaalamu wa ngozi, Afande."

"Hii maua iko mgonjwa," Kamanda akaniambia kwa Kiswahili cha kambini. "Tibu."

"Afande, mimi natibu watu."

"Mgonjwa ni mgonjwa. Wewe natibu askari kwa sababu askari nalala ndani ya kambi. Hii maua nalala wapi?"

Nikasema inalala ndani ya kambi. Mjadala ukaisha hapo, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi okidi kumi na moja zikawa zinapangwa mstari barazani kwa gwaride la wagonjwa. Kila moja ilikuwa na namba na kadi yake. Ilinibidi kuandika malalamiko ya mgonjwa, joto la mwili, na kama anastahili kazi nyepesi. Joto nilipima kwa kuchomeka kipimajoto kwenye chungu. Wagonjwa wote walikuwa na baridi ya maiti, nikaandika, "Homa hakuna." Kwenye mstari wa malalamiko niliandika, "Hasemi."

Sasa, jani la manjano. Mimi manjano niliyoyajua ni ya macho, na macho yakiwa manjano unafikiria ini au malaria. Nikasaga vidonge vya klorokwini, nikavikoroga kwenye maji, nikawanywesha wagonjwa wawili asubuhi na jioni. Jani la manjano likaanguka. Nikaongeza dozi. Likaanguka la pili, na la tatu likawa laini kama ndizi iliyooza.

Aliyeniokoa ni Habuba Zamzam. Habuba kwetu ni bibi, na yule alikuwa bibi wa kambi nzima. Alimpikia Mhindi miaka mingi, na Kamanda alipoingia alimkuta jikoni, akaendelea kumpikia. Alisimama mlangoni akinitazama nikimnywesha mgonjwa namba mbili.

"Dokta, wewe nafanya nini?"

"Natibu malaria, Habuba."

"Mbu gani iko nauma maua?"

Akakaa chini, akang'oa mmea ule kwenye chungu kama mtu anayemvua mtoto shati, akanionyesha mizizi. Ilikuwa ya kahawia, imelegea, inanuka. "Hii imekunywa mpaka imezama. Ona mwenzake." Akang'oa wa pili ambao nilikuwa sijaugusa. Mizizi yake ilikuwa minene na migumu. "Ikiwa kijani, iko na maji. Ikiwa nyeupe kama majivu, iko na kiu. Usiulize jani. Jani ni mtoto, nalia tu. Uliza muzizi."

Andikeni hilo. Jani likikunjamana, usidhani mara moja lina kiu. Mzizi uliooza haunyonyi, kwa hiyo jani hukauka juu ya maji, na wewe ukiliona limekauka unaongeza maji. Ukiukuta umeoza, kata sehemu zote laini kwa wembe uliopitishwa motoni, paka unga wa mkaa kwenye kidonda, uache mmea ukauke siku moja, kisha uurudishe kwenye vipande vya magome ya mti, si kwenye udongo. Nasema si kwenye udongo kwa sababu Koplo Anguzu, aliyewekwa lindo la chumba kile, aliwahi kuzionea okidi huruma.

Anguzu alikuwa mtoto wa wakulima, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Hakuweza kuvumilia kuona mmea umekaa kwenye takataka za magome. "Hata muhogo hakai hivi," aliniambia. Akaenda likizo kwao Aroi, akarudi na gunia la udongo mweusi wa mama yake, udongo ambao ungeotesha fimbo, akampanda humo mgonjwa namba tisa hadi shingoni. Namba tisa alikufa ndani ya majuma matatu. Tulimwandikia kifo cha kawaida.

Na jani moja la chini likiwa manjano peke yake, mengine yote yakiwa mazima? Niliwahi kumpelekea Habuba mmea wa namna hiyo nikikimbia.

"Dokta, hii nywele yangu ni rangi gani?"

"Nyeupe, Habuba."

"Utanipa dawa?"

Basi, ni uzee. Liache lianguke lenyewe.

Wadudu nao wapo. Kuna wale weupe kama pamba wanaojificha pale jani linaposhikana na shina, na wale wa kahawia waliobandika migongo chini ya jani kama matone ya nta. Ndiyo maana mtu wa kazi hii hugeuza jani kabla ya kulitazama. Kwa hao dawa yetu ilikuwa pamba iliyochovywa kwenye waragi, ile pombe kali ya kwetu. Mimi ni Mwislamu, na kila mwezi nilitembea mchana kweupe kutoka kantini hadi nyumba ya Kamanda na chupa ya waragi mkononi. Watu walioswali pamoja nami Ijumaa walinisalimu kwa huzuni. Nikaamua chupa ikae kwa Anguzu, ambaye ni Mkristo na hana cha kuficha.

"Hii chupa ilikuwa imejaa," nilimwambia siku moja.

"Wadudu walikuwa wengi."

"Wangapi?"

"Mimi pia naangalia chini ya jani, Dokta. Naona wengi kabisa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Miaka ilikwenda, namba zikapungua kutoka kumi na moja hadi saba, na wale saba wakanenepa. Nilianza kuwapenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mgonjwa namba saba alitoa shina la maua. Tulihesabu vitumba tisa, vyeupe, vimefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Kamanda alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama ripoti yoyote. Akatangaza kwamba Jumamosi ataupeleka mmea ule kwa mama yake kijijini Dranya, kule Koboko, bibi ambaye hakuwahi kuona ua linaloishi ndani ya nyumba. Kisha akapitisha kidole juu ya jani, kikatoka na vumbi.

"Dokta, hii ni nini?"

"Vumbi, Afande."

"Mama yangu ataona vumbi? Nataka ing'ae. Kama buti ya gwaride. Na fungua hii pazia, watu barabarani wapate kuona."

Sasa mtu wa kambini akiambiwa kitu king'ae anajua la kufanya, hata akiwa usingizini. Unatafuta mafuta, unatafuta kitambaa, unasugua kwa miduara midogo mpaka uuone uso wako. Nilichukua mafuta ya simsim, yaani ufuta, jikoni Habuba akiwa sokoni. Nilisugua kila jani la namba saba, juu na chini, na Anguzu akanishikia taa, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Majani yaling'aa kweli. Tukavuta pazia pembeni, jua la mchana la Arua likamwagika ndani, ndege mmoja akagonga kioo akitaka kuingia, na mimi nikasimama nikijiona kwenye jani.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano majani yalitoka madoa yaliyopauka, kama ngozi iliyochomwa na uji. Alhamisi madoa yakawa ya kahawia. Ijumaa asubuhi vitumba vyote tisa vilikuwa sakafuni.

Kamanda hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Sumu," na kufika adhuhuri Koplo Anguzu alikuwa mahabusu, kwa sababu ndiye aliyekuwa lindo, na sumu ikipita lindoni basi ama mlinzi amelala ama mlinzi ndiye sumu. Jumatatu lori lingempeleka Koboko kwa maswali. Ninyi hamkuwepo miaka ile, kwa hiyo nawaeleza: watu waliopanda lori lile kwenda kuulizwa maswali, wengine majibu yao hatujayasikia mpaka leo. Nami nikapewa amri ya kumchunguza mgonjwa, na Jumatatu asubuhi, kabla lori halijaondoka, nisome taarifa ya kitaalamu kuthibitisha sumu ilikuwa ipi.

Nilikaa na mmea ule Ijumaa nzima. Mizizi ilikuwa ya kijani, mizuri. Wadudu hakuna. Jani halikunuka uozo. Nilipitia magonjwa yote niliyoyajua na hakuna lililotosha. Jumamosi asubuhi Habuba Zamzam akaja, akaguswa na kitu puani, akachukua pamba, akaipitisha juu ya jani na kuninyooshea.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu siku ya Idi.

"Jani iko na matundu," akasema taratibu, "ndiyo yanapumua. Wewe umeziba. Halafu umeweka mafuta juani. Mimi nikitaka kukaanga kitu nafanya vipi? Hivyo hivyo." Akanitazama. "Yule koplo iko ndani kwa sababu ya simsim yangu."

Alinipa sahani ya wali na maharage nimpelekee. Mahabusu ya kambi ilikuwa chumba kimoja chenye kuta nene, ubaridi, na dirisha dogo juu upande wa mashariki. Anguzu alikuwa amekaa sakafuni, viatu vimechukuliwa. Alikula yote kabla ya kusema.

"Wananiuliza nani aligusa maua. Nawaambia dokta peke yake, na yeye ni dokta."

Nikaokota punje za wali zilizoanguka sakafuni.

"Umeshajua ni ugonjwa gani?"

"Bado," nikasema.

"Utajua. Mimi nawaambia hawa watu, ngoja dokta, yeye najua majani kabisa." Akanirudishia sahani. "Ikiwa Jumatatu naenda, mwambie mama yangu Aroi asinitafute Koboko. Atapotea njia."

Vijana, nimekata vidole vilivyooza na nimeshona kichwa cha mtu aliyekuwa akiimba, lakini sikuwahi kubeba kitu kizito kama sahani ile tupu. Jumapili nzima karatasi ilikaa mbele yangu. Niliandika kuvu. Nikachana. Niliandika upepo kutoka Kongo. Nikachana. Mwishowe nikachukua kadi ya kawaida ya zahanati, kwa sababu mkono wangu ulikuwa haujui kudanganya kwenye kadi ile.

Jumatatu asubuhi lori lilikuwa tayari linanguruma uani. Kamanda alikaa barazani, Sajini Meja kasimama nyuma yake, namba saba mezani, Anguzu pembeni kati ya askari wawili. Nikasoma. "Mgonjwa, namba saba. Malalamiko, hasemi. Joto, hakuna. Ugonjwa, majani yameungua. Chanzo, mafuta ya simsim yaliyopakwa juu ya majani yote na kuachwa kwenye jua la mchana. Aliyepaka ni dresa. Dresa ni mimi."

Anguzu aligeuza kichwa akanitazama. Nikaendelea kutazama kadi.

"Kwa nini ulipaka?" Kamanda akauliza.

"Ulisema ing'ae kama buti, Afande."

"Na pazia?"

"Ulisema ifunguliwe, Afande."

Sajini Meja alikohoa, kisha akajuta kukohoa. Hata lori nje lilionekana kupunguza sauti. Kamanda aliinamisha kichwa kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Kwa hiyo amri yangu ilikuwa mbaya?"

Kuna maswali ambayo hayana upande wa kutokea. Nilifungua mdomo nikiwa sina neno ndani yake, na neno likatoka. "Hapana, Afande. Amri ilikuwa nzuri. Jani ndilo halikuiweza."

Kamanda akainua kichwa. Uso wake ukafunguka taratibu. "Ehe," akasema. "Jani iko nakataa amri."

"Ndiyo, Afande," akasema Sajini Meja haraka.

"Buti naambiwa ing'ae, nang'aa. Hii naambiwa ing'ae, naungua. Huyo ni mukaidi." Akaunyooshea mmea kidole. "Miezi mitatu mahabusu. Hakuna kutoka juani. Hakuna mutu kuigusa. Maji mara moja kwa wiki, kikombe moja, ijue adhabu. Na huyu koplo, mfungue, akae mlango aichunge."

Niling'ata ulimi mpaka ukauma. Kivuli, asubuhi nuru laini ya mashariki, hewa ya ubaridi, maji mara moja kwa wiki, na mikono ya watu mbali. Habuba Zamzam alikuwa ananiambia maneno hayo hayo miaka yote, lakini maneno yake hayakuwa na sahihi ya Kamanda. Niliomba ruhusa moja tu, kumwosha mfungwa kabla hajaingia, kama inavyofanywa kwa mahabusu wote. Nikayaosha majani kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikasuuza, nikakausha katikati pale majani yanapokutana, maana maji yakilala hapo mmea huoza kutoka moyoni. Madoa ya kuungua hayaponi. Yakiwa makavu, yaache kama yalivyo. Yakiwa laini na yanatambaa, ndipo ukate. Namba saba akapelekwa mahabusu kwa mwendo wa gwaride, kati ya askari wawili, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la wafungwa. Bibi wa Dranya alipelekewa mbuzi, akasema hajawahi kupata zawadi nzuri kama ile.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichotokea. Mwezi wa pili mzizi mpya ulichungulia pembeni mwa chungu, ncha yake kijani kama mbaazi mbichi. Mwezi wa tatu jani jipya lilikuwa limefika urefu wa kidole, safi, halina doa, limeelekea kwenye lile dirisha dogo.

Siku ya mwisho ya kifungo Sajini Meja alileta fomu. Mfungwa hawezi kuachiwa bila sahihi ya zahanati kwamba ana afya ya kutoka. Nilikwenda nayo mahabusu. Anguzu alikuwa kwenye stuli mlangoni. Alikuwa hajaniambia lolote miezi yote mitatu, ila salamu. Nililitazama lile jani, nikafikiria chumba cha kioo, pazia lililovutwa pembeni, na watu wote wenye vitambaa waliokuwa wakimngoja nje. Nikaandika, "Hana afya ya kutoka. Aongezewe miezi sita."

Anguzu akasoma juu ya bega langu.

"Siku ile ulileta wali," akasema, "ulikuwa tayari unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akainuka, akaenda kwenye kona, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa maji, akakiweka mkononi mwangu.

"Leo ni siku ya maji," akasema. "Kikombe moja. Mimi naangalia."

Nikamwaga taratibu kandokando ya chungu, mbali na kitovu cha majani, na Anguzu akasimama karibu yangu, macho yake kwenye mkono wangu, mpaka tone la mwisho.